GPS yangu hupima kwa sentimita 2: kwa nini ndege isitue nayo kwenye ukungu?

MpimaArdhi_Mwanza

Wakuu wa jukwaa, heshima zenu. Nina swali ambalo limenikaa kichwani kwa majuma matatu, na kwa kuwa humu wamo marubani na mafundi wa mitambo ya anga, naliweka mbele yenu.

Mimi ni mpima ardhi. Kazi yangu ya kila siku ni kusimamisha kipokezi cha setilaiti juu ya stendi ya miguu mitatu, kusimamisha kingine juu ya alama ya kudumu ambayo vipimo vyake vinajulikana, kusubiri mpaka kioo kiniambie kwamba hesabu imetulia, kisha kupima bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, moja baada ya nyingine. Nikirudi kesho yake kuhakiki, tofauti huwa sentimita 2, zikizidi sana 3.

Majuma matatu yaliyopita nilikuwa abiria katika ndege ya pangaboi iliyokuwa ikielekea kiwanja kimoja kidogo cha mkoani. Asubuhi ile mawingu yalikuwa yameshuka mno. Tulishuka, dirishani ukawa weupe mtupu, injini zikanguruma, tukapanda tena. Baada ya dakika kumi hivi tulirudia, ikawa vilevile, ndipo rubani akatutangazia kwamba tunarudi tulikotoka. Wakati huo wote simu yangu ilikuwa imeegemea kioo cha dirisha, na kwenye ramani kidoto cha bluu kilikuwa kinatembea sawasawa juu ya mstari wa njia ya kurukia. Mama mmoja aliyeketi karibu nami alikuwa anawahi mazishi ya kaka yake. Aliitazama simu, akaniuliza: "Mwanangu, kama hicho kinajua uwanja ulipo, rubani anashindwa nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, nami ndiye ninayeishi kwa kazi ya setilaiti.

Naomba kuelezwa. Ikiwa kifaa changu cha shambani kinafikia sentimita 2, ndege ya mabilioni ya shilingi inakosa kitu gani?

FundiMawimbi

Ndugu Mpima, pole kwa safari ile, na pole zaidi kwa mama huyo. Nimefanya kazi ya ufundi wa mitambo ya kuongozea ndege kwa miaka mingi, na swali lako nimeulizwa mara nyingi, ila ni mara chache kuulizwa na mtu ambaye tayari ana nusu ya jibu mkononi.

Nusu hiyo ni hii: umesema unasubiri mpaka hesabu itulie, na umesema kesho yake unarudi kuhakiki. Ndege inayoshuka kwa mwendo wa noti 120, yaani maili 120 za baharini kwa saa, hukata mita 62 hivi kila sekunde, na kwenye mteremko wa kawaida wa nyuzi 3 hupoteza kimo cha mita 3 na zaidi kila sekunde hiyohiyo. Kipokezi kikidanganya kwa sekunde 6 tu, ndege itakuwa imekwenda mbele mita 370 na kushuka takriban mita 19, nayo imo ndani ya wingu. Wewe ukikosea bikoni, jirani atakuita mrudi kupima. Rubani hana wa kumwita.

Kwa sababu hiyo, katika kutua hatuanzi kwa kuuliza kipimo kina usahihi gani. Tunauliza kama mfumo unaweza kujigundua kwamba umekosea, na kumwambia rubani kabla kosa halijawa hatari. Sisi mafundi huuita uaminifu wa mfumo, na una namba zake zilizowekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kwa utaratibu wa kutua wa setilaiti unaomshusha rubani mpaka futi 200 juu ya ardhi, kosa la kulia au kushoto lisipite mita 40, kosa la kimo lisipite mita 35, na likipita, tahadhari iwe imeshamfikia rubani ndani ya sekunde 6. Uwezekano wa kosa kupita mipaka hiyo bila tahadhari usizidi mara 2 katika safari milioni 10 za kutua. Tazama vizuri: mita 35! Wewe ungefukuzwa kazi kwa mita 35. Lakini wewe hukuombwa kamwe kuapa kwamba katika bikoni milioni 10 utakosea kimyakimya mara mbili tu.

Na GPS yenyewe, ikiachwa peke yake, hukosea kimyakimya. Tarehe 1 Januari 2004 saa ya atomiki ya setilaiti moja, ile yenye namba 23, iliharibika ikiwa angani. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo saa ikiteleza kidogo tu, umbali unaohesabiwa unateleza mita kwa mita, kisha kilomita kwa kilomita. Zilipita karibu saa tatu kabla setilaiti hiyo haijatangazwa kuwa haifai. Vipokezi vya ndege vina ujanja wa kujilinda: vikiona setilaiti 5 au zaidi, hulinganisha majibu na kugundua kwamba mojawapo inasema uongo, na vikiona 6 vinaweza hata kuitenga iliyo mbovu. Ujanja huo unatosha kwa safari ya angani na kwa kuelekea uwanjani. Hautoshi kwa futi 200 za mwisho, hasa upande wa kimo, maana setilaiti zote ziko juu yetu na hakuna hata moja chini ya miguu inayoweza kusawazisha hesabu. Wewe mwenyewe unajua kwamba kimo chako huwa kibaya kuliko nafasi yako ya ulalo.

Kuna adui mwingine, na huyu anatuhusu sisi wa karibu na ikweta kuliko mtu mwingine yeyote. Kuanzia kilomita 80 hivi juu ya vichwa vyetu kuna tabaka la hewa iliyochajiwa na jua, ionosfia, linalochelewesha mawimbi ya setilaiti. Katika nchi za kaskazini tabaka hilo kwa siku nyingi huwa tulivu. Kwetu halitulii. Pande zote mbili za ikweta ya sumaku, ambayo kwa huku Afrika Mashariki inapita Ethiopia, elektroni hurundikana katika mikanda miwili, na baada ya jua kuzama hujitokeza mapovu ambamo mawimbi humeremeta na hata kukatika. Bila shaka umewahi kuona kipokezi chako kikigoma kutulia jioni, hasa miezi ya Machi na Septemba, ukadhani ni betri. Sentimita zako 2 zinapatikana kwa sababu kipokezi chako cha pili kiko kilomita chache tu na kinatazama kipande kilekile cha anga, kwa hiyo makosa yanafutana. Ndege inayotoka Dar es Salaam haina kipokezi cha pili kule inakokwenda.

Wamarekani waliliondoa tatizo hilo kwa kusambaza vipokezi hivyo vya pili nchi nzima. Mfumo wao wa WAAS, uliozinduliwa rasmi tarehe 10 Julai 2003, una vituo vya kupimia 38 ndani ya Marekani, Kanada na Meksiko. Vipimo vyote hukusanywa, makosa ya kila setilaiti na ya ionosfia hukokotolewa, na masahihisho hurushwa kwa ndege kupitia setilaiti zilizosimama juu ya ikweta, pamoja na kauli ya wazi: hii itumie, hii usiitumie. Ndege ikishapata hayo, inaweza kufuata utaratibu unaoitwa LPV, unaompa rubani mstari wa kushukia kana kwamba uwanjani kuna ILS, yaani mtambo wa redio wa ardhini wa kuongozea ndege zinazotua, wakati uwanjani hakuna hata antena moja.

Na sasa nikupe kisa ambacho mimi huwasimulia vijana wa kazini kila mwaka. Miezi mitatu na siku kadhaa baada ya uzinduzi huo, tarehe 29 na 30 Oktoba 2003, jua lilirusha dhoruba kubwa. Ionosfia ya Marekani ilichafuka kiasi kwamba WAAS ilishindwa kutoa mwongozo wa kimo kwa takriban saa 15 siku ya kwanza na saa 11 siku ya pili. Walioutazama kwa juujuu waliona mfumo mpya umeshindwa. Mimi naona mfumo ulifanya kazi yake kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu ulisema "leo msinitegemee", na hakuna aliyeshushwa kwenye wingu na namba ya uongo. Simu yako, siku kama hiyo, ingeendelea kuonyesha kidoto chake cha bluu.

RubaniPangaboi

Ahsante, Mzee Fundi, kwa maelezo. Naomba niongeze kutoka upande wa chumba cha rubani, kwa sababu msomaji anaweza kudhani kwamba bila mfumo wa masahihisho hatutumii setilaiti kutua. Tunatumia, tena karibu kila siku. Viwanja vyetu vikubwa vina ILS, lakini kwa kawaida ni upande mmoja tu wa njia ya kurukia, nao hutajwa kwa namba ya mwelekeo wake: Dar es Salaam upande wa 05, Kilimanjaro upande wa 09, Nairobi upande wa 06. Upepo ukigeuka, au tukienda mikoani, setilaiti ndiyo inayotupeleka mpaka mbele ya uwanja.

Tofauti iko kwenye kimo. Katika taratibu hizi setilaiti inatuonyesha kulia na kushoto, ila kimo tunakipata kwa njia ileile ya tangu enzi za babu zetu, yaani kwa kupima kanieneo ya hewa. Kwenye karatasi ya uwanja kuna mistari kadhaa ya vimo vya chini. Anayeongozwa kwa ulalo peke yake huishia juu zaidi, mara nyingi mamia kadhaa ya futi juu ya ardhi. Mwenye mstari wa kimo unaokokotolewa kutokana na kanieneo ya hewa huruhusiwa kushuka zaidi. Na mwenye LPV kamili huweza kufika futi 200 pale ambapo ardhi na vizuizi vinaruhusu. Kaka Mpima, rubani wenu alijua uwanja ulipo. Alifika kwenye kimo kilichoandikwa, akatazama, hakuona taa wala lami, akaongeza nguvu ya injini akapanda. Alirudia mara moja, kisha akaondoka akiwa na mafuta ya kumfikisha kwingine. Kama ningekuwa abiria wake ningemshukuru, ingawa najua mama yule hakuwahi mazishi.

Nieleze kwa nini kimo hiki cha hewa kinaninyima usingizi. Kabla ya kuanza kushuka, mnara hutupatia namba ya kanieneo ya hewa ya uwanja. Tunaisoma kwa sauti, kila mmoja anaiweka kwenye altimita yake, yaani kioo cha kusomea kimo, kisha tunalinganisha. Ninazungusha kitufe kidogo kilicho chini ya kioo, 1013 inakuwa 1016, na mstari wote wa kushukia unahama pamoja na kidole changu. Hakuna mlio, hakuna taa. Kioo hakijui kama namba niliyoweka ni ya kweli. Namba hizo ni za hektopaskali, kipimo cha kanieneo, na kila hektopaskali moja ni futi 27 au 28.

Tarehe 23 Mei 2022 ndege aina ya Airbus A320 ilikuwa ikishuka kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, kwenye mvua na mawingu. ILS ya njia ile ilikuwa haifanyi kazi, kwa hiyo ilifuata utaratibu wa setilaiti wenye kimo cha kanieneo ya hewa. Mwongoza ndege aliwapa 1011. Kanieneo halisi ilikuwa 1001. Hektopaskali 10 tu, na ndege nzima ikawa takriban futi 280 chini ya pale marubani walipoamini wapo. Vioo vyote viliwaonyesha kwamba wako juu ya mstari barabara. Walipofika kwenye kimo chao cha uamuzi hawakuiona njia ya kurukia, wakaghairi kutua, na uchunguzi wa Wafaransa ulikuta kwamba kipimo cha redio kilishuka mpaka futi 6 juu ya ardhi, mita 2 hivi, wakiwa bado karibu maili moja ya baharini kabla ya kizingiti, yaani mwanzo wa njia ya kurukia. Naomba msome tena: mita 2, na mbele hakuna lami.

Setilaiti hazikukosea hata kidogo siku ile. Uwanja huo una utaratibu wa LPV, ambao kimo chake hutoka kwenye setilaiti zilizosahihishwa na hakiguswi na namba ya kanieneo, ila ndege ile haikuwa na vifaa vyake. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "ndege inatua kwa GPS" huwa namuuliza: kimo chake unakipata wapi?

Hali ya joto nayo ina mchango wake. Siku ya joto kali hewa hutanuka, ndege huwa juu zaidi ya inavyosomwa, na mteremko huwa mkali kuliko ulivyochorwa. Kwenye baridi kali mambo hugeuka, na ndege huwa chini. Kwetu ni joto linalotusumbua, na afadhali hilo, maana linakosea kwa kutuweka juu.

MwanafunziAnga

Shikamooni wakubwa. Niko chuoni mwaka wa pili. Nimeelewa kuhusu vituo vya Marekani. Je, Ulaya si wana mfumo kama huo, na setilaiti zao si ziko juu ya Afrika? Kwa nini tusizipokee tu? Na kama haiwezekani, kwa nini kila uwanja usijengewe ILS?

FundiMawimbi

Marahaba, kijana. Mfumo wa Ulaya unaitwa EGNOS, na kwa ajili ya kutua uliruhusiwa kuanzia tarehe 2 Machi 2011. Ni kweli kwamba setilaiti zake zinaonekana kutoka kwetu. Ndugu Mpima akifungua orodha ya setilaiti kwenye kipokezi chake ataona namba kuanzia 120 kwenda juu. Hizo ni za aina hiyo. Kinachotoka humo, hata hivyo, ni masahihisho ya anga la Ulaya na majirani zake wa kaskazini mwa Afrika. Ionosfia iliyo juu ya Mwanza haijapimwa na kituo chao chochote, kwa hiyo katika ujumbe wao sehemu yetu ni tupu. Ni kama kusikiliza utabiri wa hali ya hewa wa Roma ukiwa Bukoba: sauti unaipata vizuri, ila mvua wanayoitaja si yako.

India waliona hilo wakajenga wa kwao, GAGAN, na wao wako ndani ya ukanda mgumu kama sisi. Kwa Afrika, ASECNA, shirika la kuongoza ndege lenye makao Dakar, lilianza Septemba 2020 kurusha ishara ya majaribio kupitia setilaiti ya Nigeria, NigComSat-1R, na Januari 2021 wakaonyesha kwa ndege mjini Lomé kwamba inaweza kufuatwa mpaka uwanjani. Hatua hiyo naiheshimu sana. Kazi ngumu ni vituo vya ardhini vya kutosha, na kielelezo cha ionosfia kilichotengenezwa kwa anga la ikweta badala ya kuazimwa kutoka kwenye nchi za baridi.

Kuhusu ILS, ni mtambo mzuri na umeokoa watu wengi, lakini ni mali ya kutunza. Antena za mwelekeo husimama nyuma ya mwisho wa njia ya kurukia, na za mteremko husimama pembeni, kiasi cha mita 300 kutoka kwenye kizingiti. Hizi za mteremko kwa kawaida hutumia ardhi iliyo mbele yake kama kioo cha kuakisi mawimbi, kwa hiyo nyasi zikirefuka au bonde likiwa karibu, mstari unapinda. Ndege maalumu lazima ije mara kwa mara kuupima. Na chochote cha chuma kikipita mbele ya antena huuvuruga: tarehe 3 Novemba 2011 mjini Munich, Boeing 777 iliyokuwa ikitua yenyewe kwa ILS iliyumba na kutoka nje ya lami kwa sababu ndege nyingine iliyokuwa ikiruka ilipita mbele ya antena za mwelekeo. Mzunguko wote huo wa gharama na uangalizi unapaswa kurudiwa kwa kila upande wa kila njia.

Kuna njia ya kati, nayo ni GBAS. Hapo vipokezi, kwa kawaida 4, huwekwa ndani ya uwanja wenyewe kwenye sehemu zilizopimwa kwa ukamilifu, kisha masahihisho hurushwa mara 2 kwa sekunde kwa redio ya masafa ya 108 hadi 118 megahezi. Ndugu Mpima atatambua mara moja kwamba ni kazi yake ileile ya vipokezi viwili, ila sasa kile cha kupimia bikoni kimepandishwa ndegeni. Kituo kimoja huhudumia njia zote za uwanja, pande zote. Bremen nchini Ujerumani walianza kukitumia mwaka 2012, Frankfurt na Sydney mwaka 2014.

Newark, karibu na New York, walipokuwa wakikifunga chao, vipokezi vilikuwa vikipofuka kwa nyakati zisizoeleweka. Baada ya msako mrefu waligundua kwamba barabara kuu inapita jirani, na kwamba baadhi ya madereva walikuwa wamechomeka vifaa vidogo vya kuvuruga GPS kwenye magari yao. Mmoja aliyenaswa mwaka 2012 alisema alitaka mwajiri wake asijue anakokwenda na gari la kampuni. Agosti 2013 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipendekeza atozwe faini ya dola 31,875. Kifaa cha mfukoni, kinachotosha kwenye tundu la kuwashia sigara, kilifumba macho ya mtambo wa kutulia ndege. Mawimbi ya setilaiti yanatoka umbali wa kilomita 20,200 na yakifika huku ni dhaifu mno. Yeyote mwenye redio ndogo anaweza kuyazidi sauti.

Mswahili_Helsinki

Habari wadau. Naishi Finland, na jambo hilo la mwisho tumelishuhudia huku kwa upana zaidi. Uwanja wa Tartu, nchini Estonia, ulikuwa ukitegemea taratibu za kutua za GPS. Mwaka 2024 mawimbi yalivurugwa mara kwa mara katika eneo la Baltiki, na ndege mbili kutoka Helsinki zililazimika kugeuza mwishoni mwa Aprili bila kutua. Shirika la Finnair likasitisha safari za huko kuanzia tarehe 29 Aprili mpaka tarehe 31 Mei, muda ambao uwanja uliutumia kuandaa utaratibu mwingine unaotegemea mitambo ya ardhini ya kupimia umbali. Ushauri wangu kwa wenye maamuzi huko nyumbani: msing'oe mitambo ya zamani kwa haraka.

RubaniPangaboi

Nakuunga mkono, ndugu yangu wa Helsinki. Sisi bado tunafanya mazoezi ya kutua kwa VOR, ile minara ya redio ya ardhini inayoonyesha uelekeo, na kila nikisikia kwamba mnara fulani wa VOR umezimwa kwa kukosa vipuri, huwa nasikitika.

MpimaArdhi_Mwanza

Mzee Fundi, Kapteni, na wengine wote, nashukuru kwa moyo wangu wote. Nimeyasoma mara mbili. Nina swali la mwisho: katika mlolongo huu wote, kuna mahali kazi ya mpimaji inaingia? Nauliza kwa sababu mwaka jana niliombwa kupima ncha za njia ya kurukia ya kiwanja kimoja, nikaichukua kama kazi ya kawaida.

FundiMawimbi

Inaingia, ndugu yangu, tena mahali ambapo kosa lake halitagunduliwa na setilaiti yoyote. Mstari wa LPV haupo uwanjani. Ni kifurushi kidogo cha namba ndani ya kompyuta ya ndege: kizingiti kiko wapi, kina kimo gani, mteremko ni nyuzi ngapi. Kifurushi kina muhuri wa kihesabu, hivyo namba moja ikiharibika njiani ndege itakikataa. Muhuri huo, hata hivyo, haujui kama namba ya awali ilipimwa vizuri. Ukikosea wewe, kosa litafungwa kwa muhuri na kusafirishwa salama mpaka kwa rubani.

Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba ramani zetu za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa kutajia nafasi uitwao Arc 1960, na kwamba setilaiti hutumia mfumo mwingine, WGS-84. Nukta ileile ikisomwa kwa mfumo usio wake huhama takriban mita 300 kwenda kaskazini au kusini. ICAO iliagiza vipimo vyote vya anga viwe vya WGS-84 kuanzia tarehe 1 Januari 1998, lakini karatasi za zamani bado zimo makabatini, na siku moja mtu mwenye haraka atazichukua. Kisha kuna kimo: kipokezi chako hupima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, wakati watu wa ujenzi wanataka kimo kutoka usawa wa bahari, na katika pwani yetu tofauti ya viwili hivyo inazidi mita 20. Kifurushi cha LPV kinataka kile cha kwanza. Ukiwapa cha pili bila kusema, umempandisha au kumshusha rubani jengo zima la ghorofa sita.

RubaniPangaboi

Na usiishie kwenye ncha za njia. Kimo changu cha chini kwenye kila karatasi kimewekwa kwa kutazama kizuizi kirefu kuliko vyote chini ya njia ninayopita: mti, tangi la maji, mnara wa simu. Aliyechora utaratibu ule alikaa ofisini na orodha ya vizuizi vilivyopimwa siku fulani. Siku hizi minara ya simu inaota kama uyoga baada ya mvua, na michongoma iliyokuwa ya kiunoni imekuwa miti. Ukipita karibu na kiwanja ukaona mnara mpya kwenye mstari wa kutua, upime nafasi yake na kimo cha ncha yake, taja mfumo uliotumia, tarehe, na kadirio la kosa lako, kisha peleka kwa mamlaka ya anga kwa maandishi.

MpimaArdhi_Mwanza

Nimeelewa. Kiwanja nilichokipima mwaka jana kina mnara mpya upande wa ziwa. Niliuona siku ile tulipokuwa tunapanda tena kutoka kwenye wingu, kwa sekunde moja tu, chini ya bawa. Jumamosi naenda na stendi yangu.